Kijani, Saba Nukta Moja

Saa tatu asubuhi na Tartu bado haijaamua kama kumekucha.
Taa za barabarani zinaangaza theluji,
na humu maabara, ghorofa ya pili,
Taavet anapuliza vidole kabla ya kushika kuveti.

Usiguse upande unaopitisha mwanga, namwambia.
Miaka thelathini na moja ninaisema sentensi hiyo.
Alama ya kidole nayo hula mwanga,
na mashine haijui kutofautisha
jasho la mtu na rangi ya dawa.

Chupa tisa mezani. Ya kwanza manjano,
ya mwisho buluu ya wino wa shule,
na katikati zile wanafunzi wanazozibishania kila mwaka:
hiki tayari ni kijani? Na hiki je?
Acheni macho. Ulizeni mwanga.

Tunatuma mwanga wa aina moja tu,
rangi ya chungwa, nanomita mia sita na kumi na sita,
ukatize sentimita moja ya maji.
Manjano inauacha upite kama mgeni asiyeihusu.
Buluu inaula.
Kinachopungua njiani
ndiyo hesabu ya walioachia protoni zao.

Asidi dhaifu, kitabu kinaiita.
Neno hilo sijawahi kulipenda.
Asidi kali humwaga protoni zote mlangoni,
haigeuki nyuma, nasi tunaisifu kwa nguvu.
Hii huachia, hushika, huachia,
hushika tena.
Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka;
na hii yake humponyoka ikamrudia
mara nyingi kuliko kope zangu zinavyoweza kupepesa.

Eneli anangoja tarakimu za pH zitulie.
Sita nukta nane.
Taavet anasoma mwanga: sufuri nukta tatu tisa sufuri.
Haiwezekani.
Nukta imekaa juu ya mstari peke yake,
kama mbuzi aliyepanda paa.

Umeishika wapi?

Hajibu. Simu yake imelala kando ya bafa, uso juu.
Leo Ijumaa, na Ijumaa moja kati ya mbili
baba yake huvuka kwa meli kutoka Helsinki,
mwaka wa saba sasa anaezeka nyumba za wenyewe.
Meli ya leo ipo.
Yeye hayupo.

Anafuta kioo kwa karatasi laini, taratibu, pande zote mbili.
Sufuri nukta mbili nane saba.
Mbuzi ameshuka.

Kisha tunachora mikunjo yote tisa, urefu wote wa mawimbi,
na karibu na mia tano inakutana, yote, mahali pamoja,
kama nyuzi zilizopita tundu la sindano.
Hapa, nawaambia, mwanga hautawaambia nani kaondoka.
Walioshika na walioachia hula sawasawa.
Jumla haibadiliki.

"Mama huweka sahani tatu," Taavet anasema. "Wiki zote."

Eneli anaangalia daftari lake.
Mimi naangalia kipimajoto, ambacho hakina habari mpya.

Chupa ya sita ndiyo jibu lenyewe:
sufuri nukta nne mbili tano, katikati kabisa
ya manjano tupu na buluu tupu.
Uwiano ni moja, logi ya moja ni sufuri,
fomula yote inaanguka mkononi ikiwa tarakimu mbili.
Saba nukta moja.

"Kwa hiyo hapa kila molekuli ina nusu protoni?"
Hapana. Kila moja inayo, au haina.
Nusu ni ya chupa.

Anatafakari, au anasikiliza baridi ikigonga bomba.
Halafu anainua chupa ile kuelekea dirishani,
ambako hatimaye kuna kitu cha kuitwa mchana,
anaipiga picha, anaituma.
Simuulizi kwa nani.

Nasuuza kuveti mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa,
nazipanga kichwa chini,
nikizishika kwa upande usio na mwanga.